Jani la Sale Kwenye Seva: Bi. Eliona Nkya Anatuachia Chumba

Bi. Eliona Nkya, Mkuu wa Kitengo cha Kompyuta cha Umoja wa Ushirika wa Mteremko, Moshi, anastaafu leo, Jumanne tarehe 30 Juni 2026, baada ya kuutumikia Umoja huu kwa miaka thelathini na moja. Amefanya kazi chini ya mameneja wakuu saba, na kila mmoja wao alipoondoka alilitaja jina lake katika hotuba ya kuaga. Ni jambo linaloudhi. Wapo watumishi wengine katika jengo hili, wa idara nyingine, walioandika, walioshauri na waliobishana mpaka koo zikakauka, na hakuna meneja aliyewahi kukumbuka hata ofisi zao ziko ghorofa ya ngapi.

Leo anachomewa ndafu. Tumeiona asubuhi ikishushwa kwenye gari, na kwa heshima zote, ni kubwa kuliko mbuzi yeyote aliyewahi kuchinjwa kwa ajili ya Idara ya Elimu ya Ushirika, ambayo ndiyo inayochapisha jarida hili. Tunalisema mapema ili tuendelee na mengine tukiwa na moyo mweupe.

Makala za namna hii kwa kawaida humwita mstaafu mtu mnyenyekevu. Tungependa kufuata kawaida hiyo, lakini mashahidi ni wengi mno. Bi. Nkya ana shahada, anajua kwamba anayo, na katika vikao huitaja kabla hajaulizwa. Akisifiwa hasemi “ni kazi ya wote.” Husema “asante,” kisha husubiri kuona kama kuna sifa nyingine inakuja. Mtu akikosea jina la kifaa mbele yake, hamrekebishi papo hapo. Humwacha amalize, amwage yote, halafu anaanza upya hadithi nzima kwa majina sahihi. Waliowahi kufanyiwa hivyo mbele ya wageni wanajijua.

Alizaliwa Machame, na Machame ndiko anakolala mpaka leo. Kila siku ya kazi ameteremka mjini na kupanda tena, kwa sababu ana ng'ombe mweusi mwenye baka jeupe usoni asiyekubali kukamuliwa na mkono wa mtu mwingine. Safari zake za mafunzo Dar es Salaam zilikatishwa zaidi ya mara moja na simu kutoka nyumbani: ng'ombe amekaza, ndoo imepigwa teke, mume wake anachechemea. Wenzake walicheka. Yeye hakuona cha kuchekesha. Aliamini kwamba kitu kikishazoea mkono mmoja, mkono huo hauna ruhusa ya kuchoka.

Alipoajiriwa mwaka 1995, Umoja ulikuwa na kompyuta moja tu, katika ofisi ya uhasibu, nayo ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma kwa mkono, kama redio za sebuleni za enzi zile. Siku yake ya kwanza alikitoa kitambaa, akakikunja, akampelekea katibu muhtasi aliyekifuma na kumwambia mashine inataka hewa. Katibu huyo hakuzungumza naye mpaka Pasaka. Kitambaa hakikurudi.

Miaka ilipita, kompyuta zikaongezeka, na hatimaye zikaja seva: zile mashine kubwa ambazo kompyuta nyingine zote huzitegemea. Zikapewa chumba chao ghorofa ya juu, chenye kiyoyozi kikali, na Bi. Nkya akatundika nyuma ya mlango sweta la zambarau ambalo hakuna mwingine aliyethubutu kulivaa. Mjini Moshi watu wanajipepea kwa magazeti. Yeye anashuka ngazi akiwa amevaa sweta, na watu wanampisha njia. Hata jasho la wengine lilimpa heshima.

Tatizo lilikuwa soketi. Wiki ile ile seva zilipofika, mtumishi mmoja wa Idara ya Manunuzi alichomoa waya wa seva ili achemshe maji ya chai. Bi. Nkya akabandika tangazo kwa wino mwekundu. Watu wakaandika namba za simu juu ya tangazo. Akabandika jingine, lenye saini ya Meneja Mkuu. Wiki iliyofuata mtu akachomoa waya mwingine ili achaji simu, na akaiegemeza simu kwenye tangazo lenyewe.

Jumatatu moja alikuja kutoka Machame na majani ya sale ndani ya mfuko, akafunga jani moja kwenye kila seva, akafunga mlango, akaenda kunywa chai yake.

Kwa msomaji mgeni wa mteremko huu: sale ni ule mmea wenye majani marefu ya kijani unaopandwa mipakani mwa vihamba vyetu, yale mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba. Penye sale mtu havuki. Na jani hilohilo, likipigwa fundo na kupelekwa kwa mtu uliyemkosea, ni ombi la msamaha, na anayepelekewa halikatai. Hakuna anayekumbuka aliambiwa hayo lini. Tunayajua tu.

Tangu Jumatatu ile hakuna aliyechomoa kitu. Meneja mmoja aliyetoka mikoa ya kusini aliuliza kwa nini watu wazima wanafika mlangoni, wanachungulia, halafu wanarudi kinyumenyume kama wameona nyoka. Akaonyeshwa jani. Akasema jani si mfumo wa usalama. Akaambiwa ajaribu kulipita. Hakujaribu.

Hivyo ndivyo chumba cha seva kilivyopata sheria yake. Jani likiwapo, usiguse. Mama Nkya akilitoa kwa mkono wake, kazi yake pale imekwisha, endelea. Aliyeishika sheria hiyo kuliko wote ni msaidizi wake Shakiru, kijana wa Majengo, mtoto wa mjini kabisa, ambaye ukoo wake haujawahi kumiliki hata mgomba. Alifika akiamini skrini. Baada ya mwaka mmoja chini ya Mama Nkya alikuwa anaamini jani.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo Bi. Nkya atakumbukwa kwalo, na ambalo kuna watu watasimama leo, huku mafuta ya ndafu yakiwatiririka kidevuni, waseme walimsaidia. Hawakumsaidia. Tulikuwapo.

Mashirika yetu yana ugonjwa wa kuamini kwamba kitu ni cha kisasa pale tu kinapokuwa mbali na sisi. Wanakuja watu wenye suti na slaidi, wanatuonyesha picha ya wingu jeupe, na kabla chai haijapoa tumeshakubali kuhamisha taarifa zote za wakulima wetu kwenye mashine za kukodi ambazo hatujui ziko nchi gani, zinalindwa na nani, wala tutamlilia nani zikizimwa. Siku waya wa intaneti unapokatwa na greda la barabara huko njiani, mama wa Machame amesimama na ndoo ya maziwa mbele ya karani asiyeweza kuyapokea, na mtu wa suti hapokei simu. Jarida hili lilizipanga hoja hizo, moja baada ya nyingine, katika matoleo manne mfululizo. Zilikuwa hoja nzito. Hazijajibiwa mpaka leo.

Lakini wajumbe wa bodi walipoulizwa ni nini hasa kilichowashawishi wajenge wingu la Umoja wenyewe, hapa Moshi, kwa seva zetu, walijibu kwa kauli moja: Mama Nkya alituchorea mfongo ubaoni.

Mfongo! Matoleo manne ya jarida, na kilichoshinda ni mistari michache ya chaki. Alichora mfereji wa maji unavyotoka juu msituni, ukigawanyika kushuka kwenye vihamba, kila kihamba kwa zamu yake na kwa kipimo chake. Akasema: seva zetu kila moja inafanya kazi peke yake, hii imechoka na ile imelala. Tuziunganishe ziwe chanzo kimoja, na programu moja igawe nguvu yake: hapa maziwa ya Machame, pale mizani ya kahawa, kule chini mpunga wa Mabogini. Ndani ya seva moja zinakaa mashine pepe nyingi, yaani kompyuta zisizo na mwili, kila moja ikijiona iko peke yake duniani. Anayehitaji zaidi wakati wa msimu anapewa; asiyehitaji hakai na maji yasiyomwagilia kitu. Wazee wa bodi walitikisa vichwa kwa kukubali. Walikuwa wakichimba mifongo kabla hajazaliwa, na hapo walikuwa wanamshangaa kana kwamba ameuvumbua yeye.

Wingu likajengwa, na likafanya kazi vizuri, na sifa zote zikaenda ghorofa ya juu. Lilikuwa na udhaifu mmoja ambao hakuutangaza. Mashine pepe ilipotakiwa kuhama kutoka seva moja kwenda nyingine, Bi. Nkya ndiye aliyeihamisha, kwa mkono, Jumapili baada ya ibada, baada ya kuizima kwanza. Seva ilipokufa ghafla, ndiye aliyezifufua mashine zake, moja moja, akizisemesha. Chama cha msingi cha wakulima kilipohitaji mashine mpya, kilimwandikia yeye, kikasubiri, kikampigia simu kumsalimia, kikamtumia mkungu wa ndizi. Wenyeviti wa vyama walimwamkia shikamoo wakiwa wamemzidi umri. Tuliona hayo yote kutoka dirishani kwetu, ambako hakuna aliyewahi kutuma hata ndizi mbivu.

Mwaka huu likatoka toleo jipya la programu ya wingu, na hapo ndipo tulipomwona Bi. Nkya kwa upande ambao hatukuwa tumeuona.

Shakiru alimsomea maelezo ya toleo hilo ofisini kwao, mlango ukiwa wazi, nasi tukiwa kwenye ngazi kwa shughuli zetu. Akasoma kwamba sasa mashine pepe inahama kutoka seva moja hadi nyingine bila kuzimwa.

“Hiyo naifanya mimi,” akasema Bi. Nkya.

“Lakini unaizima kwanza, mama.”

“Naizima vizuri.”

Akasoma kwamba seva ikifa, mashine zake zinajifufua zenyewe kwenye seva nyingine. “Hiyo pia naifanya mimi.” “Ukiwa umelala, mama?” “Nikiwa nimelala, si una simu?” Akasoma kwamba programu yenyewe itatazama seva ipi imeelemewa na kuipunguzia mzigo bila kuagizwa. Akasoma kwamba kila chama kitakuwa na sehemu yake yenye uzio wake, na kitaweza kujifungulia mashine mpya bila kuomba.

“Bila kumwomba nani?”

Shakiru akafunua ukurasa uliofuata.

Alikuwa anaona wivu. Hatuna neno jingine. Mwanamke aliyeonewa wivu na jengo zima kwa miaka thelathini na moja alikuwa anaionea wivu programu, kwa sababu kila sifa mpya iliyosomwa ilikuwa ni kazi ya mikono yake, iliyofanywa na kitu kisichovaa sweta.

Na hakuwa na njia ya kulikwepa toleo hilo. Mzee Godlove, mjumbe wa bodi kutoka Kwa Sadala, aliuliza swali rahisi katika kikao cha Januari: “Mama Nkya anastaafu Juni. Nani atakuwa anahamisha hizo mashine Jumapili? Tukodi tu kwa watu wa nje, tupumzike.” Bodi ikaamua hivi: toleo jipya liwe limewekwa kabla Bi. Nkya hajastaafu, na maziwa yasisimame kupokelewa hata asubuhi moja. Likishindikana, Umoja utakodi wingu la wengine, na chumba cha seva kitageuzwa stoo ya mbolea.

Msomaji aone ubaya wa mtego huo. Ili chumba chake kisigeuke stoo, ilimlazimu akaribishe ndani kitu ambacho kingeonyesha kwamba chumba hakimhitaji tena. Machi akasema tusubiri mvua zianze. Aprili akasema mvua zimezidi, umeme haueleweki. Mei akasema sasa kuna vumbi. Shakiru alikonda. Programu kuu aliruhusu iwekwe. Lakini seva zenyewe, ambazo zilipaswa kuhamishwa mashine zake, kuzimwa na kupandishwa toleo moja baada ya nyingine, zilibaki na majani ya sale, mabichi, yaliyobadilishwa kila Jumatatu.

Mwanzoni mwa Juni akaletwa fundi mshauri kutoka Dar es Salaam, Godwin, kijana mwenye adabu na viatu visivyofaa kwa ngazi zetu. Aliamkia shikamoo kama inavyotakiwa, akaingia chumbani, akatazama, akauliza kwa upole nani huwa anaingiza majani humu. Bi. Nkya akamwambia ni utaratibu wa hapa. Godwin akasema sawa mama. Hakuuliza zaidi, na hakuna aliyemweleza zaidi, kwa sababu hakuna kati yetu aliyewahi kufikiri kwamba jambo hilo lina haja ya kuelezwa.

Siku ya kazi yenyewe bodi ilikuja kushuhudia. Bi. Nkya alikuwa ameyatoa majani kwenye seva zote isipokuwa moja, ile ambayo ndani yake ilikaa mashine ya kupokelea maziwa ya Machame. Hiyo alisema ataihamisha mwenyewe, kwa mkono, maziwa ya asubuhi yakishamalizika kupokelewa. Hata siku ile hakutaka programu imshike mtoto wake wa mwisho. Akafunga jani kwa nguvu, akashuka kuwapokea wazee na kuwaeleza, kwa urefu anaoujua yeye, kila kitu kilivyoanza.

Godwin akabaki peke yake. Akaona jani limelalia tundu la hewa la seva, akakumbuka alichofundishwa kuhusu seva na joto, akalitoa, akalitupa kwenye kapu la taka, akatoka kwenda kupiga simu. Kwa kitabu chochote cha ufundi alikuwa sahihi.

Shakiru akaingia. Fundi yeyote wa Dar, wa Nairobi, wa popote, angeangalia kwanza skrini aone kama seva iko tupu. Shakiru aliangalia jani. Jani halikuwapo. Maana yake Mama ameshamaliza. Akaizima.

Bi. Nkya alikuwa anapanda ngazi na bodi nyuma yake, akiwa katikati ya sentensi. Alisikia kabla ya kuona. Anajua sauti ya kila feni mle ndani, na moja haikuwapo. Aliwaacha wazee kwenye ngazi, akaingia, akaona taa ya seva ya maziwa imezima, na maneno yaliyofuata yalisikika mpaka mapokezi.

“Mae! Shakiru! Umezima maziwa?”

“Mama, si umeshamaliza?”

“Nani kakwambia nimemaliza? Jani hujaliona?”

“Jani halikuwepo, mama.”

“Nimelifunga mwenyewe! Unanidanganya mbele ya wazee? Mtoto wa mjini wewe, hata mpaka hujui ni nini!”

Shakiru aliinamisha kichwa. Mzee Godlove aliitazama saa yake. Wote tuliokuwa mlangoni tulijua kilichokuwa mezani: maziwa yamesimama, bodi imeona kwa macho yake, na mbolea inaweza kuanza kupakiwa.

Bi. Nkya akampigia Rachel, karani wa kituo cha maziwa Machame, simu ikiwa kwenye sauti kubwa.

“Rachel, maziwa vipi?”

“Yanapokelewa, mama. Kuna nini?”

“Yanapokelewa vipi? Mashine si imezima?”

“Iliganda kidogo. Nikamwambia mzee Eliufoo asubiri. Hata hakumaliza kunilalamikia, ikarudi. Sasa analalamika kuhusu kipimo.”

Na kweli, nyuma yake ilisikika sauti ya mzee ikisema hawezi kuibiwa na kijichupa cha kioo, yeye amekamua kabla ya mama yake Rachel kuzaliwa.

Seva ilikufa, na mashine ya maziwa ikajifufua yenyewe kwenye seva ya jirani. Mzee Godlove alitaka uhakika. “Kwa hiyo imekufa na imefufuka?” Akaambiwa ndiyo. “Na nani kaifufua?”

Shakiru ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo, “Hakuna mtu, mzee.”

“Basi chumba kibaki,” akasema Mzee Godlove, na wazee wakapiga makofi.

Tulimtazama Bi. Nkya. Chumba chake kilikuwa kimepona. Miaka yake yote ya kazi ilikuwa imebaki Moshi, isiende kwa watu wa suti. Na alikuwa amesimama katikati ya makofi yasiyo yake, kwa mara ya kwanza. Uso ule tunaujua vizuri sana katika idara yetu. Hatukujua kwamba na yeye anao. Tulikuwa tumeingoja siku hiyo kwa miaka mingi, tukidhani itatufurahisha, na tunataarifu kwamba haikutufurahisha hata kidogo.

Godwin akarudi na simu yake, akaona nyuso, akauliza kulikoni. Akaelezwa habari za jani. “Lile? Nimelitoa mimi, mama. Lilikuwa limeziba hewa. Samahani sana, sikujua.” Akaenda mwenyewe kulitoa kwenye kapu.

Bi. Nkya alilichukua. Akavua sweta, akalitundika, akaenda nyumbani Machame kabla ya saa za kazi kuisha, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Kesho yake alikuja na jani jipya, lililokatwa kwenye mpaka wa kihamba chake, limepigwa fundo. Hakumwita Shakiru ofisini. Alimngoja mapokezi, mahali ambapo jengo zima hupita, maana maneno aliyomwambia yalikuwa yamesikika mpaka hapo. Akampa kwa mikono miwili, mbele ya Hadija wa mapokezi na wakulima waliokuwa kwenye benchi, akasema: “Nilikuita mwongo. Hukudanganya.”

Shakiru alilipokea kwa mikono miwili. “Mama, umeniletea jani. Mimi ni nani nilikatae?”

Hadija, ambaye hawezi kukaa kimya hata msibani, akasema, “Haya, Shakiru, sasa umeshakuwa Mmachame. Bado kihamba tu na kununa.” Benchi zima likacheka, na Bi. Nkya pia, ingawa alijifanya anakohoa.

Jani lile lenye fundo limetundikwa ndani ya mlango wa chumba cha seva, kando ya sweta. Limeshakauka. Halilindi kitu, na hakuna aliyeligusa.

Wiki zilizofuata ndizo Bi. Nkya alizozifanyia kazi vizuri kuliko zote, na tunasema hivyo tukiwa na sababu zote za kutosema. Alikaa kwenye kiti cha msaidizi, akamwambia Shakiru, “Nionyeshe inavyohama.” Shakiru akaihamisha mashine ya mizani ya kahawa kutoka seva moja hadi nyingine huku ikiendelea kufanya kazi. “Tena.” Akaihamisha tena. Mara iliyofuata Bi. Nkya alibonyeza mwenyewe, akaitazama inavyoondoka na kufika bila kupepesa, kisha akasema, “Inahama vizuri kuliko mimi. Usimwambie mtu.” Shakiru alimwambia kila mtu. Halafu Bi. Nkya akaanza kuzunguka vyama vya msingi, kimoja kimoja, kuwafundisha wenyeviti kujifungulia mashine bila kumwomba mtu. Kila alipokwenda alirudi na mkungu wa ndizi. Kwa hiyo hata siku alipokwenda kuwafundisha wasimhitaji, walimshukuru kwa hilo pia. Kuna watu hawana namna ya kushindwa.

Taasisi moja ya Arusha imeshaanza kumpigia simu, ikitaka akawajengee wingu kama letu kwa mkataba mfupi. Tumesikia. Tungependa wajue kwamba jarida hili linasomwa mpaka Arusha, na kwamba mtu aliyekaa kwetu miaka thelathini na moja hachukuliwi kimyakimya kama mche wa mgomba. Wachore mfongo wao.

Bi. Eliona Nkya, Umoja wa Ushirika wa Mteremko unakushukuru. Unakushukuru kwa kitambaa ulichokikunja, kwa soketi ulizozilinda, kwa chaki yako, na kwa wazee wa Machame wanaopata hata nafasi ya kulalamikia kipimo kwa sababu mashine inawaka. Unakushukuru zaidi kwa siku ile ya jani pale mapokezi, ambayo vijana wetu wataisimulia wakati matoleo mengine mengi yatakapokuwa yamepita. Sweta liache. Shakiru halimtoshi, lakini anasema linamsaidia kufikiri.

Kesho asubuhi hatutakuona ukishuka ngazi wakati sisi tunajipepea. Utakuwa kwenye zizi lako huko juu, na yule ng'ombe mweusi mwenye baka jeupe atakuwa nawe mpaka jua lichomoze, bila simu, bila bodi, bila safari ya Dar. Hakuna toleo litakalomfanya akubali mkono mwingine. Amekusubiri miaka yote hii huku sisi tukikutumia, na sasa amekupata mzima.

Nenda ukapumzike, mama, ukiwa na afya na watu wako na maziwa ya kutosha. Ng'ombe huyo tunamwonea wivu.